Uchovu wa Mwenye Maradhi ya Kudumu, na Fungu la Moyo Ndani Yake

Fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kuwa mgonjwa wa siku nyingi ana adha mbili: maradhi yenyewe, na uchovu usioonekana kwa macho. Mwenye kidonda huhurumiwa kwa kidonda chake. Ama mwenye kisukari akisema, "Nimechoka," na uso wake u mzima na jana alionekana sokoni, watu wa barazani humwita mvivu. Na laiti neno hilo lingeishia barazani! Yeye hulichukua mpaka nyumbani, akalala nalo, na asubuhi huamka amechoka zaidi.

Tuchukue kisukari hicho kuwa mfano, kwani wenye nacho ni wengi katika miji yetu. Uchovu wake una sababu za mwili, na hizo ndizo zitazamwe kwanza. Sukari ikipanda humwamsha mtu usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, usingizi ukakatika. Ikishuka mno humlegeza. Mafigo yakidhurika, damu hupungua. Hata dawa ya metformin, pamoja na manufaa yake makubwa, ikitumiwa miaka mingi yaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Basi asije mtu akasema, "Ni mawazo tu," kabla damu haijapimwa.

Lakini hutokea sukari ikatulia na uchovu usiondoke. Hapo ndipo penye fungu la moyo. Mwenye kisukari hana siku ya mapumziko: kila tonge alihesabu, kila mchubuko wa mguu auogope, na fedha za dawa azitafute. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walitoa maswali 20 ya kupima dhiki hii peke yake. Na mwaka 2001 tafiti nyingi zilipokusanywa pamoja, ilionekana kuwa sonona, yaani huzuni iliyokithiri, huwapata wenye kisukari kwa kadiri ya mara mbili kuliko wasio nacho. Na uchovu ni katika dalili za sonona. Tena kuna khofu: mtu huogopa kujichosha, akalala mchana kutwa, misuli ikadhoofika, na akisimama kidogo magoti humtetema. Mwingine ni kinyume chake; siku apatapo nafuu hufanya kazi ya siku tatu, kisha akaanguka kitandani.

Ukisema: "Basi uchovu huu ni wa kujitia?" Tutajibu: La. Machozi hutokana na huzuni, na maji yake ni maji kweli.

Wala neno hili si geni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 (Hijria 322), alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi pamoja, akaeleza kuwa maumivu ya kimoja humfikia mwenziwe. Na Imam al-Haramayn, katika wanazuoni wetu wa Kishafii, aliyefariki mwaka 1085 (Hijria 478), alipoweka mpaka wa kushindwa kusimama katika Sala ya faradhi, hakusema mpaka mtu aanguke. Alisema ni kupatwa na mashaka yenye kumwondolea khushuu. Na khushuu imo moyoni, haionekani na aliye safu ya nyuma. Kwa hiyo umwonapo mtu ameketi kusali, usimhukumu kwa upana wa mabega yake.

Ama mgonjwa mwenyewe, na amweleze tabibu habari ya usingizi wake na huzuni yake, wala asione haya. Wanaume wa pwani tu hodari wa kutaja goti na kuficha moyo. Sonona ina tiba, kwa dawa na kwa mazungumzo na mtaalamu wa nafsi. Kazi aigawanye, afanye sehemu asubuhi na sehemu alasiri, apumzike kabla hajachoka kabisa. Atembee kila siku kwa kiasi akiwezacho, na viatu vya kuhifadhi nyayo, akiongeza kidogo kidogo. Na jamaa zake wasimnyang'anye kila kazi kwa huruma, wala wasimsukume kwa maneno, wamwulize kila asubuhi, "Leo waweza nini?" na jibu lake walikubali.