Mzee Aliyejulikana na Kila Mtu: Kukumbuka Maisha ya Askari Mstaafu



Somo hili tumelitoa mitaa ya Eastlands, Nairobi, lakini ni lenu pia ninyi wa vijijini, kwa maana wazee tunaowazungumzia waliishi mjini na wengi wao hurudishwa nyumbani kuzikwa.

Mzee mwenyewe mnamjua. Yuko Jericho, yuko Kaloleni, yuko Shauri Moyo. Alitumikia jeshi miaka ishirini na zaidi, akastaafu na pensheni yake ndogo. Viatu vyang'aa hata siku ya matope. Watoto humwita Afande. Kwenye matanga ndiye hupanga viti, na kwenye harusi ndiye hufungua densi. Hadithi anazo mia. Halafu anafariki, kamati ya mazishi inaketi kuandika historia ya marehemu, na lo! Alizaliwa mwaka gani? Kimya. Alikuwa kikosi gani? Mmoja asema Lanet, mwingine asema Eastleigh. Basi yaandikwa kwamba alikuwa mtu wa watu, mistari mitatu, na gari la mazishi linaondoka.

Tumeketi katika kamati kama hizo mara nyingi. Sababu tunayoiona ni hii: mtu anayependa kuongea haulizwi maswali. Mzee mkimya watu humchunguza, lakini huyu mcheshi kila mtu hudhani anamjua tayari. Mtaa unajua mizaha yake. Kijiji kinajua ukoo na ubatizo wake. Askari wenzake wanajua ile miaka ya katikati. Hakuna aliyeviunganisha vipande hivyo, na mwenyewe hakuombwa.

Eastlands yenyewe ina kidonda cha namna hii. Jina Kariokor latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya 1914 hadi 1918. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la kikosi limebaki kwenye mtaa na soko, lakini majina ya watu yakapotea. Ukifika Kenyatta Avenue utaona sanamu ya askari na mpagazi, na maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Jina la mtu, hakuna. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi: wanajeshi na wapagazi wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Baadhi ya wakuu wa kikoloni waliona ati Mwafrika hana haja ya jiwe lenye jina.

Hao walisahauliwa na ofisi. Huyu wetu tunamsahau sisi wenyewe, na chai yake tumekunywa.

Sasa tufanyeje? Mwanachama mmoja mwenye mwandiko mzuri achukue daftari, amtembelee mzee angali hai. Asianze kwa kuuliza miaka. Mzee husahau mwaka lakini tukio halisahau. Muulizeni: ulikuwa umeingia jeshini wakati KAR ilipogeuka kuwa Kenya Rifles, baada ya Uhuru wa Desemba 1963? Ulikwenda kaskazini wakati wa vita vya Shifta, vilivyokwisha 1967? Tarehe 1 Agosti 1982, asubuhi ile ya jaribio la mapinduzi, ulikuwa wapi? Ulikuwa kati ya wale waliokwenda Namibia kulinda amani, 1989 na 1990? Kila jibu litaleta mwaka wake, na mwaka utaleta majina ya wenzake. Kama baba yake naye alikuwa keya, muulizeni kama alifika Burma. Askari wa Afrika Mashariki walipigana bonde la Kabaw mwaka 1944, na Februari mwaka huohuo meli Khedive Ismail ilizamishwa ikitoka Mombasa kwenda Ceylon, wakafa watu zaidi ya 1,200. Ziko familia ambazo babu hakurudi na hazikujua ni maji yaliyomchukua.

Akinyamaza, mwacheni. Maasi ya Lanet ya Januari 1964, na hiyo 1982, ziliwaacha wengine kifungoni na wengine bila kazi. Kikundi si mahakama. Ulizeni habari za chakula cha kambini, bendi, rafiki aliyelala kitanda cha pili. Na lolote aliloambia kikundi kwa siri lisisomwe mbele ya jeneza bila ruhusa ya familia.

Kuna jambo la sanduku, na hapa tusione haya. Namba yake ya jeshi, cheti cha kuachishwa kazi, barua ya pensheni, cheti cha ndoa, viko wapi? Nani anajua? Tumeona mjane akihangaika kutoka dirisha hili hadi lile kwa sababu namba ile ilikuwa kichwani mwa marehemu tu. Tena wako wazee wenye nyumba mbili, moja Makadara na nyingine kijijini, na wake hao wakakutana mara ya kwanza kaburini. Kanisa lina mafundisho yake juu ya ndoa, lakini watoto wote wana baba mmoja na wote wataandikwa katika daftari. Afadhali mzee aseme mwenyewe, mbele ya watu wawili anaowaamini.

Nakala moja ibaki na familia, ya pili itumwe kijijini, ya tatu ikae na katibu wa kikundi.

Kabla ya Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, jadilini haya katika kikundi:

Kati yetu ni nani hucheka na mzee kila siku na hajawahi kumuuliza swali hata moja?

Kati ya mjini na kijijini, nani atapeleka daftari na nauli itatoka wapi?

Ni mzee gani hapa kwenu huitwa kwa cheo chake tu, na hakuna ajuaye jina lake la ubatizo?