Herufi moja ndani ya meli ya wafungwa

Katika makala hii nataka kueleza jambo dogo la sarufi lililotusumbua wakati sisi, wanafunzi wa lugha hapa Butembo, tulipotafsiri na kuigiza tamthilia ya Female Transport. Iliandikwa na Mwingereza Steve Gooch na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1973. Wanawake sita waliohukumiwa wanafungiwa ndani ya tumbo la meli, safari ya miezi mingi hadi Australia. Jambo hilo si hadithi tupu: kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilipeleka huko wafungwa wapatao 162,000, na kati yao kama 25,000 walikuwa wanawake, wengi kwa kosa la wizi. Meli moja, Lady Juliana, ilifika Sydney mwaka 1790 ikiwa na wanawake zaidi ya mia mbili.

Kichwa chenyewe kilitushinda mapema. Huku kwetu ukisema "transport", mtu anafikiri pesa ya njia. Mwenzetu mmoja alicheka: "Watadhani tunachangisha nauli ya wamama!" Tukaandika Meli ya Wanawake Wafungwa, tukaendelea.

Kazi ngumu ilikuwa sauti ya kapiteni. Kwake wanawake ni mzigo, na sisi tulitaka msikilizaji asikie hivyo bila kuelezwa. Mimi ndiye niliyependekeza kitenzi kupakia: wanawake wangesema "tulipandishwa", kapiteni angesema "tumewapakia". Darasani kila mtu aliona ni vizuri. Kwenye jaribio la kwanza mbele ya watu, hakuna aliyeshtuka. Nilipaswa kujua. Mwendesha pikipiki hapa anapakiza watu tangu asubuhi. Anayekwenda Beni juu ya Fuso amepakiwa, wala hajatukanwa. Nilikuwa nimesoma kamusi, sikusikiliza barabara.

Suluhisho tulilipata kwenye upatanisho wa ngeli. Kiswahili chetu kinasema batu kwa watu na bitu kwa vitu. Mtu anayehesabu watu huuliza: "Baliingia bangapi?" Tukampa kapiteni swali hilohilo kwa herufi tofauti: "Biliingia bingapi?" Hatukugusa nomino yoyote. Jina la wanawake halitajwi kabisa. Kiambishi peke yake kinawatoa kwenye ngeli ya watu. Kwa Kiswahili sanifu ingekuwa "viliingia vingapi", na nguvu ingebaki, lakini masikioni mwa Butembo ingesikika kama kitabu cha shule.

Siku ya maonyesho, meli yetu ilikuwa mstari wa chaki kwenye sakafu, wasichana sita wakibanana ndani yake. Kapiteni alipouliza, kicheko kilichokuwa kimeanza nyuma kilikatika. Baadaye mama mmoja aliyekimbia vita kutoka upande wa Beni alinisubiri mlangoni. "Mutoto wangu," akasema, "na sisi balituhesabu vile." Nilimwuliza kama ilikuwa kwa neno hilohilo. Akasema hapana, ilikuwa kwa kidole.

Mwigizaji wetu aliposikia hayo, aliomba kubadilisha sehemu yake. Katika onyesho la pili alisema swali lilelile, polepole, akinyosha kidole kutoka kichwa hadi kichwa. Ishara hiyo haimo katika Kiingereza cha Gooch. Tumeiandika pembeni mwa nakala iliyobaki kwetu, kwa penseli.