Petroli kwa Magari ya Zamani

Land Rover au Peugeot 404 ya miaka ya 1960 inayopanda hadi leo kutoka Moshi kwenda Marangu iliundwa kutumia petroli yenye madini ya risasi, ambayo yalizuia viti vya valvu kulika. Petroli hiyo iliondolewa sokoni katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Wapo wanaoamini kuwa okteni kubwa huziba pengo hilo. Sivyo. Okteni huzuia injini kugonga tu, na mlimani, kwenye hewa nyepesi, hitaji hilo hupungua. Kinga ya kudumu ni fundi kuweka viti vya chuma kigumu. Kabla ya hapo, punguza mzigo unapopanda.

Hatari kubwa zaidi ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Injini ikianza kugonga au kutoa moshi mara tu baada ya kujaza, usiyamwage mafuta hayo: toa taarifa EWURA ukiwa na risiti. Tangu 2010 mafuta huwekewa vinasaba, na kiwango chake hushuka yanapochakachuliwa. Lakini pasipo risiti, ni vigumu kuthibitisha kituo ulichonunua.