Siku Tatu za Rehoboamu

Somo: 1 Wafalme 12:1–19

Rehoboamu hakukosa washauri. Watu walimwomba apunguze mzigo, akataka siku tatu, wazee wakamshauri ajibu kwa upole. Yeye akafuata wa rika lake. Halafu akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, akapigwa mawe hadi akafa. Mfalme akapanda gari akatoroka. Maskini Adoramu, lile jibu kali hata si yeye aliyelitoa!

Juni 2024 tuliyaona kwetu. Mswada wa Fedha ulipingwa wiki kadhaa, hata hapa Kakamega vijana wakaingia barabarani. Tarehe 25 Bunge likaupitisha, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi, akasema amewasikia wananchi. Tumpe haki yake, alisikia. Lakini wananchi walikuwa wameanza kusema tangu Mei. Angetawala vizuri zaidi akisikia ndani ya zile siku tatu, kabla ya mazishi.

Kwa hivyo tukimwombea (1 Timotheo 2:1–2), tusiombe ulinzi peke yake. Tumwombee wazee wasioogopa kupoteza kazi. Na siku akikaribishwa madhabahuni kwetu, sisi tutamwambia nini?