Tarakimu Moja Katika Hati ya Forodha

Mkulima wa Nkubu au wa Runyenjes, akisha kuuza makadamia yake, humwona mnunuzi akipakia magunia garini na kushika njia ya Thika. Na mara nyingi hudhani kwamba shauri lake limekwisha. Kumbe safari ndiyo kwanza inaanza. Kabla ya mazao hayo kutiwa melini Kilindini, lazima yapite penye meza ya forodha, na hapo hayapimwi kwa utamu wake bali kwa hati zinazofuatana nayo. Mtu anayeziandaa hati hizo huitwa wakala wa forodha, na kazi yake yafaa ifahamiwe na vijana wa Meru na Embu, kwa kuwa mazao yao wenyewe ndiyo yapitayo mikononi mwake.

Jambo la kwanza ajifunzalo wakala ni namba. Tangu mwaka 1988 mataifa hutumia orodha moja ya bidhaa, na sasa inafuatwa katika nchi zaidi ya 200. Kila bidhaa ina namba yake ya tarakimu sita, ili ofisa wa Mombasa na ofisa wa Hamburg waelewane hata kama hawana lugha moja. Kahawa yote huanza na 0901, na chai huanza na 0902. Makadamia yaliyo bado ndani ya ganda ni 0802.61, yaliyokwisha kubanguliwa ni 0802.62. Tofauti ni tarakimu ya mwisho tu, nayo ndiyo iwezayo kuruhusu shehena iende au kuizuia bandarini.

Sababu yake ni hii. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilikataza makadamia yenye ganda yasipelekwe ng'ambo, na sheria ya mwaka 2013 ikalitilia nguvu katazo hilo. Nia ilikuwa kazi ya kubangua, pamoja na mishahara yake, ibaki nchini. Haifai kuficha kwamba wakulima wengi hawakulipenda, kwa maana mnunuzi wa ng'ambo atakaye makadamia yenye ganda alifungiwa mlango, na wanunuzi wakiwa wachache bei huwa ni ile waitakayo wao. Mwaka 2023 bei ilianguka vibaya, na mtu aliyezoea kupata zaidi ya shilingi 100 kwa kilo alipewa chini ya 50. Wako waliofikiria kuing'oa miti yao. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ilisimamisha katazo kwa muda wa mwaka mmoja.

Hapo ndipo ujuzi wa wakala unapoonekana. Ruhusa ya muda ina siku yake ya mwisho, na wakala asiyesoma tangazo la serikali mpaka mwisho aweza kumwambia mteja wake apakie makontena ambayo hayataondoka. Mzigo uliolala bandarini hutozwa ada siku kwa siku, nayo makadamia hayapendi joto la pwani.

Wako wadanganyifu waonao kwamba ni rahisi kuandika 62 mahali pa 61. Na wajue kwamba kontena laweza kufunguliwa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotungwa mwaka 2004, humpa mtu atumiaye hati ya uwongo kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Tena sheria hiyo humhesabu wakala kuwa kama mwenye mali, hata ushuru usipolipwa aweza kudaiwa yeye mwenyewe. Wakala hawezi kujitetea kwa kusema kwamba aliandika tu alivyoambiwa na tajiri.

Hati nyingine si ngumu. Ankara hutaja bei. Orodha ya mizigo hutaja mifuko na uzito. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na shirika la KEPHIS. Na hati ya asili hushuhudia kwamba mazao yalikua Kenya. Hati hii ya asili ina faida kubwa, kwani tangu tarehe 1 Julai 2024, mapatano ya biashara baina ya Kenya na Umoja wa Ulaya yalipoanza, ndiyo imwezeshayo mnunuzi wa huko kuingiza mazao yetu bila ushuru.

Wakala hushughulika pia na vitu viingiavyo nchini, na hapa hesabu yatakiwa. Tuseme chombo kimenunuliwa ng'ambo kwa shilingi 400,000, nauli ya meli ni 80,000 na bima ni 20,000. Ushuru hautozwi juu ya 400,000, bali juu ya jumla, yaani 500,000. Kikiwa katika kiwango cha asilimia 25, ushuru ni 125,000. Kikiwa katika asilimia 10, ni 50,000. Na mitambo mingi ya viwanda haitozwi kitu. Tangu Julai 2022 kiko pia kiwango cha asilimia 35. Kodi nyingine hufuata baadaye, lakini mwanafunzi akikosea jumla hii ya kwanza, zote zitakosewa.

Mafunzo hutolewa katika KESRA, chuo cha Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, na kiko cheti cha kazi hii kinachotambuliwa katika nchi za Jumuiya. Aliyemaliza sekondari, mwenye hesabu nzuri na mwandiko usio na haraka, aweza kuanza. Kwa kawaida huajiriwa kwanza kama karani katika ofisi ya wakala mwenye leseni, ambayo huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka na kuombwa upya. Kazi ya karani huyo siku za mwanzo ni kulinganisha uzito ulio katika ankara na ule ulio katika orodha ya mizigo, mfuko kwa mfuko, kabla ya hati yo yote kupelekwa forodhani.