"Seme" na "uke": je, ni dharau?

Swali: Ninasoma kwenye simu katuni za Kijapani za mapenzi ya wavulana. Kila mara mmoja huitwa "seme" na mwenzake "uke". Rafiki yangu anasema majina hayo yanadharau watu. Ni kweli?
Msomaji, Kasuku, Kindu

Jibu: Kwanza, "uke" huyu si neno letu; ni Kijapani, mwenye kupokea, na seme ni mwenye kushambulia. Majina yenyewe hayamtukani mtu. Kinachodhalilisha ni tabia zinazobandikwa juu yake: uke daima ni mdogo, mwepesi wa kulia, hana kauli, na akisema hapana inahesabiwa kuwa ndiyo. Hilo la mwisho silitetei hata kwa kisingizio cha sanaa.

Mwaka 1992 Satō Masaki, Mjapani anayependa wanaume, aliwashutumu wachoraji wa katuni hizo, wengi wao wanawake, kwa kuwageuza watu kama yeye kuwa burudani yao. Sisi Wakongo lalamiko hilo si geni kwetu. Mchoraji Mbelgiji Hergé alituchora katika kitabu cha katuni Tintin au Congo bila kukanyaga nchi yetu; Mkongo mwenzetu Bienvenu Mbutu Mondondo alipokipeleka kitabu hicho mahakamani Brussels, alishindwa mwaka 2012.

Lakini wachoraji hawafanani. Tangu 2007 Yoshinaga Fumi anachora Kinō Nani Tabeta?: wakili na kinyozi, wanaume wanaoishi pamoja, na jambo kubwa nyumbani ni chakula cha jioni. Isome katuni hiyo na rafiki yako, kisha mbishane.