Turbo na Mafuta: Injini Gani Inafaidika?

Fundi, nina gari la petroli la cc 1500. Nikifungiwa turbo, matumizi ya mafuta yatapungua?

Hayatapungua. Utapata nguvu, nayo utailipia kituo cha mafuta. Petroli huungua vizuri ikiwa na takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja. Turbo ikisukuma hewa zaidi ndani ya silinda, injini nayo lazima inyunyize petroli zaidi ili hesabu itimie. Isitoshe, injini iliyoundwa bila turbo tayari ina mgandamizo mkubwa. Ukiiongezea presha, petroli huweza kuwaka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, injini ikaanza kugonga, na pistoni hata kutoboka. Kuikinga kunataka kupunguza mgandamizo au kuchelewesha cheche, na vyote viwili hupoteza mafuta. Pesa hizo nunulia tairi nzuri na plagi.

Mbona basi watengenezaji hutangaza kwamba turbo inaokoa mafuta?

Wanasema kweli, ila nusu. Kinachookoa mafuta ni udogo wa injini. Kazi ya turbo ni kuufanya udogo huo uvumilike. Mwaka 2012 Ford walileta injini ya EcoBoost ya lita 1.0, silinda tatu tu, ifanye kazi iliyokuwa ya injini ya lita 1.6.

Faida inatoka wapi? Injini kubwa ya petroli inapotembea polepole mjini, mlango wake wa hewa unakuwa karibu umefungwa. Pistoni zinavuta hewa kwa shida, na shida hiyo inalipiwa kwa mafuta, mbali na msuguano wa vyuma vingi. Injini ndogo hufanya kazi ileile mlango ukiwa wazi zaidi. Ukitaka kulipita lori, ndipo turbo inapoamka, ikizungushwa na moshi wa ekzosti, ambao huondoka na karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta.

Lakini ukiikanyaga kila saa, umerudi palepale. Joto likipanda, injini nyingi za turbo humwagiwa petroli ya ziada ili kuzipoza. Mwaka 2013 jarida la Consumer Reports la Marekani liliripoti kwamba magari kadhaa ya injini ndogo za turbo hayakuyashinda kwa kubana mafuta magari ya injini kubwa zaidi zisizo na turbo. Mimi hilo halikunishangaza.

Na dizeli je?

Hapo turbo iko nyumbani kwake. Dizeli haiogopi kugonga kama petroli, na hewa ya ziada huisaidia kuunguza mafuta yote. Ndiyo maana malori yanayopanda mlima Kitonga na mizigo yao yana turbo. Ukienda nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi, dizeli isiyo na turbo huishiwa pumzi na kutoa moshi mweusi, yaani mafuta uliyonunua yanatoka bila kufanya kazi. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya hewa hiyo.

Nina Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ, isiyo na turbo. Mtu ananiambia nikifunga turbo itakuwa kama 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo.

Haitakuwa. Zote ni lita 4.2, silinda sita, lakini 1HD-T hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, wakati 1HZ huanza kuiunguzia kwenye vijichumba vya pembeni, na joto jingi hupotelea humo. Sehemu kubwa ya tofauti ya mafuta inatoka hapo, na turbo ndiyo inayopewa sifa. Vijichumba hivyo pia hupasuka presha ikizidi. Ukiamua kufunga, presha iwe ndogo na ufunge kipimo cha joto la ekzosti.

Subaru yangu ya turbo imeanza kula mafuta kuliko zamani, na fundi anataka kubadilisha turbo.

Subaru ya turbo haikuundwa kwa ajili ya kubana matumizi, hilo ulijua ulipoinunua. Ila kama ulaji umeongezeka, kagua kwanza mipira ya hewa inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Mpira ukipasuka, hewa iliyokwisha kupimwa na sensa huvuja njiani, kompyuta isijue, ikaendelea kumwaga petroli ya hewa isiyokuwapo. Dalili ni moshi mweusi, gari zito, na sauti ya upepo ukikanyaga. Mipira hiyo ikaguliwe kabla hujakubali kuuziwa turbo nyingine.